Wema Hauhesabiwi: Kumsoma Lulu Hunt Peters Baada ya Kupungua

Kuna swali ambalo vitabu vya kupunguza uzito hulikwepa kama mtu anayemkwepa mdai. Umeshafika. Mizani imesoma ile namba uliyoitafuta kwa miezi. Sasa je, unaendelea kuhesabu kalori au unafunga daftari? Vitabu vingi huishia pale kwenye ushindi, kama hadithi zinazoishia harusini, wakati kila aliyeoa au kuolewa anajua kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Lulu Hunt Peters hakulikwepa swali hilo. Alilijibu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na jibu lake ndilo lililonifanya nimsome mpaka mwisho na kisha nirudi kubishana naye.

Peters alikuwa daktari wa California, Marekani. Kitabu chake, Diet and Health, with Key to the Calories, kilitoka mwaka 1918, na katika miaka ya 1920 kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa zaidi nchini kwake. Kabla yake, kalori ilikuwa zaidi neno la maabara. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanakemia Wilbur Atwater alikuwa amepima nguvu iliyomo kwenye vyakula, na namba zake tunazitumia mpaka leo: kalori 4 kwa gramu ya protini, 4 kwa wanga, 9 kwa mafuta. Peters alizitoa namba hizo maabara akazipeleka jikoni. Anamfundisha msomaji hata namna ya kulitamka neno lenyewe. Kisha anamwambia kwamba kuanzia sasa hali tena kipande cha mkate, anakula kalori 100 za mkate. Ukitaka kujua ile programu iliyomo kwenye simu yako ilizaliwa wapi, imezaliwa hapo.

Na jamani, mama huyu anachekesha! Vitabu vya lishe kwa kawaida vinanuna, lakini chake kinapiga soga. Kimejaa michoro ya watu wa vijiti iliyochorwa na mpwa wake, mtoto wa miaka kumi. Anawatania wanene, anawatania wembamba, na anajitania mwenyewe kwa sababu naye alikuwa mnene. Kuna mahali anaapa kwamba hatamwambia mtu yeyote uzito aliowahi kufikia, maana anauonea aibu. Halafu hapo hapo anasema kwamba uzito wake wa kawaida ni pauni 150, na kwamba wakati fulani alikuwa na pauni 70 zaidi. Yaani anaficha namba ndani ya hesabu ya kujumlisha ambayo mtoto wa darasa la pili anaiweza. Jumla yake ni pauni 220, karibu kilo 100.

Mwanzoni nilicheka. Niliporudia kusoma, nikaona kwamba kitabu kizima kimo ndani ya mzaha huo. Huyu ndiye mwanamke aliyewafundisha Wamarekani kuiamini namba, na bado kuna namba moja ambayo hawezi kuitamka. Kwake namba haikuwa kipimo tu. Ilikuwa hukumu.

Wakati alioandika unaeleza mengi. Ilikuwa vita ya kwanza ya dunia, na kitabu kimetabarukiwa Herbert Hoover, aliyesimamia masuala ya chakula nchini Marekani wakati huo. Peters anasema kwamba kuficha chakula wakati wa vita ni kosa, na kwamba wanene wamekificha mwilini mwao. Anapendekeza vikundi vya kupimana uzito ambapo asiyepungua anatozwa faini, na faini inakwenda Msalaba Mwekundu. Anaandika kwa kutania, lakini mzaha hauondoi kilichosemwa. Kalori iliingia jikoni ikiwa imeshika mkono wa dhambi. Anayejiuliza kwa nini mtu anajisikia mkosaji kwa sababu ya chapati moja ya ziada aanzie kurasa hizo.

Sasa turudi kwenye jibu lake. Ukishafika, anasema Peters, utaendelea. Utaangalia chakula chako maisha yako yote. Anaitetea kauli hiyo kwa mfano mzuri sana: anasema ni kama mambo mengine yanayoyapa maisha thamani, ambayo nayo hayana siku ya kumaliza. Anataja unadhifu, wema, upole, kusoma, kupenda.

Mimi si msomaji asiye na maslahi hapa. Kwa miezi kumi na moja niliandika kila kilichopita mdomoni mwangu, na nikapungua kilo 13. Nilipofika nilipotaka kufika, niliendelea kuandika kwa sababu niliogopa kuacha. Siku moja nikiwa kwa mama, nilitoa mizani ndogo kwenye begi nipime wali. Mama aliiangalia ile mizani, akaniangalia mimi, akasema, "Mwanangu, kwani wali wangu unauuza?" Hakukasirika. Aliuliza tu, na mimi sikuwa na jibu. Kwa hiyo nilipofika kwenye ukurasa ule wa Peters nilikuwa natafuta ruhusa, ama ya kuendelea ama ya kuacha.

Nilichokuta ni mfano unaomgeukia mwenyewe. Hebu uutazame vizuri. Wema kweli hauna mwisho, lakini nani anauhesabu? Mtu anayeandika kila jioni amefanya wema mara ngapi, na kwa nani, hatumwiti mwema. Tunamwogopa kidogo. Mtoto tunamhesabia mwanzoni: umesalimia? umesema ahsante? umenawa mikono? Tunafanya hivyo ili siku moja tusihitaji kumhesabia tena. Vivyo hivyo kusoma. Anayejifunza herufi hufuata mstari kwa kidole, na akishajua, kidole kinatoka. Peters ameona ukweli mkubwa, kwamba uangalizi hauishi. Kosa lake ni kudhani kwamba uangalizi na hesabu ni kitu kimoja.

Hesabu yenyewe, tena, si imara kama jedwali zake zinavyoonekana. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima nguvu ambayo mwili unapata hasa kutoka kwenye lozi. Gramu 28, ambazo kwa hesabu ya kawaida zina kalori kama 170, ziliwapa watu kalori 129 tu. Hiyo ni lozi, inayoliwa kavu na kupimwa kirahisi. Njoo sasa kwenye ugali. Unga mkavu una kalori takriban 360 kwa gramu 100, lakini ukishasongwa, namba inategemea maji kiasi gani yameingia, na hilo linajulikana na mkono wa msongaji. Chapati inategemea mafuta, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120 hivi. Na mkiwa watano kwenye sinia moja la pilau, utahesabu matonge ya nani? Peters aliandikia meza ambapo kila mtu ana sahani yake na mkate umekatwa vipande vinavyolingana. Simlaumu kwa hilo. Lakini anayeibeba meza ile kichwani na kuja nayo mkekani atakuwa na kazi ya kukisia maisha yake yote, huku akijiambia kwamba anapima.

Hata hivyo nisimwonee. Wanaosema "ukishafika, sahau" wanadanganya kuliko yeye. Mwili uliopungua unatumia nguvu kidogo kuliko ulivyokuwa, na hamu ya kula haiondoki kwa sababu wewe umesherehekea. Marekani kuna rejesta iliyoanzishwa mwaka 1994 ya watu waliopungua angalau pauni 30, karibu kilo 14, na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao hupanda mizani mara kwa mara na hufanya mazoezi kwa takriban saa moja kwa siku. Hawajasahau hata kidogo. Nina rafiki pia ambaye kuhesabu kunamtuliza: anaandika, anafunga simu, anaishi. Kwake namba ni kama kufunga mlango usiku. Sioni sababu ya kumnyang'anya. Lakini yupo na mwingine ambaye namba inamkosesha usingizi, anayekataa mwaliko wa futari kwa sababu hajui kuna nini kwenye tambi. Kwa huyo, kuendelea kuhesabu si nidhamu tena. Ni ugonjwa unaobisha hodi, na anahitaji daktari kuliko anavyohitaji jedwali.

Kipimo ninachokipendekeza, basi, si kile cha Peters. Jiulize: hesabu imenifundisha nini ambacho sasa nakijua bila kuitazama? Mimi imenifundisha kwamba chai yangu ya vijiko vitatu vya sukari, vikombe vinne kwa siku, ilikuwa karibu kalori 200 ambazo sikuwahi kuziona kama chakula. Imenifundisha ukubwa wa tonge langu. Imenifundisha kwamba mafuta hayaonekani lakini yapo. Masomo hayo hayatatoka hata nikifuta programu. Nimeacha kuandika. Jumamosi asubuhi napanda mizani, na suruali ikianza kubana nitafungua daftari kwa wiki mbili, kama mtu anayerudi kwenye kamusi kutafuta neno alilolisahau. Kamusi haikai mkononi unapozungumza.

Msomeni Peters. Kitabu hakina hakimiliki tena na kinapatikana bure. Kama kazi ya uandishi, ni bora kuliko vingi vilivyokifuata: kina sauti, kina kicheko, na kina ujasiri wa kumwambia msomaji kwamba hakuna mstari wa kumalizia. Kama mwongozo, kina kasoro moja kubwa, nayo imo kwenye sentensi yake nzuri kuliko zote. Wali wa mama sasa naujua kwa macho. Napakua, nasema inatosha, na yeye kama kawaida ananiongeza kijiko kimoja.