Utenzi wa Mwana Kupona na Mpaka wa Mkono wa Mzazi



Majumbani mwetu Utenzi wa Mwana Kupona husomwa mara nyingi kama kipimo: binti akiyafuata yaliyomo atakuwa mwema, na akipotoka, basi mama hakumfunza. Usomaji huu wapunguza kazi ya bibi yule, tena wawaumiza wazazi wengi bila ya haki.

Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate, aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, hali yeye ni mjane na mgonjwa. Zimo beti 102. Ameanza na dini na adabu, akaendelea na mambo ya mume na nyumba. Lakini tazama mwisho wake: wasia umekoma, na sehemu kubwa iliyobaki ni dua, akiwakabidhi watoto na jamaa zake kwa Mola. Kama aliamini ya kwamba maneno yake pekee yatosha, dua ndefu namna ile ya nini? Hapo ndipo penye nguvu ya utenzi huu: mama ametimiza wajibu wake, na amejua mkono wake unapoishia.

Dosari yake ni kwamba heri ya binti imefungwa mno katika radhi ya mume, na malezi ya watoto hayakupewa nafasi kama hiyo.

Huku Inyonga, mkoani Katavi, mfugaji nyuki husafisha mzinga, akautundika juu ya mti katika pori la miyombo. Nyuki huja wenyewe, au wasije. Asiyetundika hana cha kungojea. Lakini aliyetundika akakosa, hatumwiti mvivu.

Mwaka 1998 Judith Rich Harris, wa Marekani, alitoa kitabu kilichodai kwamba wenzake wa rika humtengeneza mtoto kuliko wazazi. Wataalamu walibishana naye, wala si lazima tumkubali kwa yote. Ila jambo lenyewe si geni kwetu: Nabii Nuhu alimwita mwanawe mpaka wimbi likaingia kati yao, na hakuna Mwislamu asemaye Nuhu hakulea.

Basi tuusome utenzi huu na binti zetu, bali tusiufanye fimbo ya kumchapia jirani ambaye mwanawe amepotoka. Nawe mzazi, usiiweke furaha yako yote katika cheti au ndoa ya mtoto. Mfunze, kaa naye, kisha umwombee. Yaliyobaki si ya mkono wako.