Nundu Pana Yataka Konvata Gani?

Anayeichunguza kamshafti ya Chevrolet Camaro Z/28 ya mwaka 1967 asianze na urefu wa nundu. Urefu huvutia macho, lakini habari yenyewe imo ubavuni: nundu inaanza kupanda lini, inakawia kiasi gani kileleni, inashuka lini. Kamshafti hiyo mafundi wa Marekani waliiita 30-30, kwa kuwa valvu za kuingiza na za kutoa ziliachiwa nafasi ya inchi 0.030 kila moja. Ukipima tangu tapeti inapopanda inchi 0.050 hadi inaposhuka kufikia hapo tena, krenkshafti huwa imezunguka nyuzi 254.

Pistoni hushuka kutoka juu hadi chini kwa nyuzi 180 tu. Hizo 74 za ziada ndizo zinazoipa injini tabia yake. Valvu ya kuingiza inafunguka mapema, na baada ya pistoni kufika chini na kuanza kupanda, bado iko wazi. Injini ikienda kasi, mchanganyiko wa hewa na petroli una mwendo mkali, unaendelea kuingia hata pistoni inapogeuka. Injini ikienda polepole, mwendo huo haupo, na pistoni inausukuma mchanganyiko urudi ulikotoka. Silinda haijai, torki inapungua, injini inatetemeka taa nyekundu ikiwaka. Kwa hiyo nundu ile ni uamuzi: waliichora wakijua kwamba huku chini kutakuwa dhaifu, nao wakakubali. Injini yenyewe ilikuwa ya inchi za ujazo 302, iliyotengenezwa ili isivuke kikomo cha lita 5 cha mbio za Trans-Am, na nguvu zake 290 zilizotangazwa zilipatikana kwenye mizunguko 5,800 kwa dakika.

Sasa tazama orodha ya gia. Z/28 ya 1967 hadi 1969 haikuuzwa na gia otomatiki. Nauona uamuzi huo kuwa sehemu ya mchoro uleule. Mwenye klachi anaweza kupandisha mizunguko kwanza, kisha akaiachia gari. Udhaifu wa chini anauruka kwa mguu wake.

Kwenye gari la otomatiki, kazi ya kuruka inabaki kwa konvata. Ndani yake pampu inayozungushwa na injini inarusha oili kwenye tabini iliyofungwa kwenye giaboksi, na oili inaporudi, stata inaigeuza isipingane na pampu. Kasi ya stoli ni mizunguko ya juu kabisa ambayo injini inafikia petroli ikiwa imekanyagwa yote huku tabini imezuiwa isizunguke. Stoli ikiwa chini, injini yenye nundu pana inashikwa palepale ilipo dhaifu, na gari linasita. Stoli ikiwa juu, injini inapata nafasi ya kufika inapoamka kabla mzigo haujaikaba.

Ugumu unaanza hapa. Namba iliyoandikwa kwenye katalogi, tuseme 2,500, husomwa kama sifa ya konvata, kana kwamba ni kipenyo chake. Siyo. Kwa konvata moja, stoli hupanda kwa kipeuo cha pili cha torki inayoisukuma: ikistoli kwenye 2,000 nyuma ya injini yenye torki ya pauni-futi 200 katika kasi hiyo, nyuma ya injini inayotoa 300 itafika karibu 2,450. Na kamshafti pana ndiyo inayopunguza torki ya chini. Maana yake ni kwamba mtu anayebadilisha kamshafti na kuacha konvata ya zamani anapata hasara mara mbili: injini inataka stoli ya juu zaidi, na wakati huohuo inashindwa kuifikisha konvata hata pale ilipokuwa ikifika jana. Namba ya katalogi bila torki ya injini yako ni nusu ya sentensi.

Mwaka 1970 Chevrolet waliiruhusu Z/28 kuwa na otomatiki kwa mara ya kwanza. Injini sasa ilikuwa LT-1 ya inchi 350, mwendo wa pistoni umeongezwa kutoka inchi 3.00 hadi 3.48, na nundu ya kuingiza imepunguzwa hadi nyuzi 242, ya kutoa ikabaki 254. Torki ya juu ilikuwa pauni-futi 380 kwenye mizunguko 4,000. Konvata ilipata kitu cha kushika. Lakini Corvette yenye LT-1, kuanzia 1970 hadi 1972, iliuzwa na gia za mkono peke yake.

Mimi ningeipanga stoli kati ya pale torki inapoanza kupanda na pale inapofika kilele, nikielemea chini kwa gari la barabarani. Wanaopenda stoli kubwa husahau joto: gari likisafiri chini ya kasi hiyo oili inateleza mfululizo, nayo inahitaji kipoza oili cha ziada. Wala usiamini sana jaribio la kushikilia breki. Mara nyingi magurudumu ya nyuma huteleza kabla stoli haijafikiwa. Afadhali gari likiwa linatembea taratibu, ukanyage petroli yote ghafla na kutazama mshale wa mizunguko unarukia wapi kabla gari halijaanza kuvuta.