Lisemwalo Lipo

Katika miaka ya 1990, mkuu wa idara ya takwimu ya chuo kikuu kimoja huko North Carolina, Marekani, alimpigia simu Trey Harris, msimamizi wa mfumo wa barua pepe wa chuo. Akamwambia: barua pepe zetu haziendi mbali zaidi ya maili 500.

Aliyewahi kufanya kazi ya kompyuta anajua jibu linalomjia mtu mdomoni hapo. Barua pepe haijui umbali. Haichoki njiani wala haiishiwi mafuta. Lakini wanatakwimu hawakukurupuka. Walikuwa wamekusanya data siku kadhaa kabla ya kupiga simu. Harris akaketi akajaribu mwenyewe. Princeton, ikafika. New York, ikafika. Memphis, ikagoma. Boston, ikagoma. Akamwandikia rafiki aliyeishi palepale North Carolina, ila seva ya barua zake ilikuwa Seattle. Nayo ikagoma.

Chanzo kilipatikana. Fundi wa kutoka nje alikuwa amekuja kusasisha seva, na katika kazi hiyo programu ya kupeleka barua, Sendmail, ikarudi kwenye toleo la zamani, huku faili la mipangilio likibaki la toleo jipya. Programu ikakuta maagizo isiyoyaelewa, na muda wa kusubiri seva ya mbali ukawa sifuri. Kwa mashine ile, sifuri ilimaanisha milisekunde 3 hivi kabla ya kukata tamaa. Katika milisekunde 3 mwanga husafiri maili 558, karibu kilomita 900. Mkuu wa idara alikuwa amesema kweli tupu.

Harris alikisimulia kisa hiki mwaka 2002, na hadi leo mafundi wa programu wanasimuliana. Watu wakiusifu ufundi huu husifu wepesi wa vidole na ukali wa hesabu. Mimi nasifu sikio. Kazi yetu imejaa watu wanaoleta habari zisizoingia akilini, na fundi wa kweli hujulikana kwa jinsi anavyozipokea. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye kompyuta, mara nyingi lipo.

Chukua habari ya printa isiyochapa Jumanne. Lalamiko hilo lilitolewa na mke wa mtumiaji mmoja wa mfumo wa kompyuta uitwao Ubuntu, na ilikuwa rahisi kulicheka. Lakini Jumanne kweli ilikuwa na neno lake. Faili linalokwenda kwenye printa hubeba tarehe ya kutengenezwa kwake. Kuna programu ndogo inayotambua aina ya faili kwa kutazama herufi za mwanzoni, na ndani yake mlikuwa na kanuni ya kutafuta tarehe moja kamili, Jumanne ya 22 Januari 1991, ili kutambua mafaili ya lugha ya programu iitwayo Erlang. Nafasi kati ya maneno hazikuandikwa inavyotakiwa, basi kanuni ikaishia kwenye neno la kwanza, kifupi cha Jumanne kwa Kiingereza. Hati yoyote ya siku hiyo yenye neno hilo mahali pale ikadhaniwa ni faili la Erlang, na printa haikuletewa kitu. Mama yule hakuhitaji kujua lolote kati ya hayo. Alihesabu siku, akasema alichokiona.

Afrika Mashariki tuna kisa chetu, na hiki mimi hukiona kina uzito kuliko vyote. Mtu anafika dirishani kusajiliwa, mfumo unamkataa. Aliyemtangulia kapita, anayemfuata anapita, yeye tu ndiye hatakiwi. Tazama jina lake: Ng'wandu, au Ng'ang'a. Katika lugha inayotumika kuzungumza na hifadhidata, maneno hufungwa kati ya alama mbili, na alama hiyo ndiyo hiyohiyo ritifaa yetu. Programu iliyoandikwa ovyo inasoma N, inasoma g, inakutana na ritifaa, inaamua jina limekwisha. Herufi zilizobaki inazichukulia kama amri, na kwa kuwa si amri inayoijua, inagoma.

Fundi mbovu humwambia mwenye jina aandike bila ritifaa. Jina likishaharibiwa hivyo halilingani tena na la kwenye cheti, na tangu hapo kila ofisi atakayoingia atatakiwa aeleze yeye ni nani. Fundi mzuri hushtuka. Anajua kwamba ikiwa herufi za jina zinaweza kusomwa kama amri, mwizi naye anaweza kuandika amri halisi kwenye nafasi ya jina, akasoma au kufuta kumbukumbu za watu wote. Kwa hiyo huirekebisha programu ipokee jina kama jina, mbali kabisa na amri, na kumwachia mtu ritifaa yake. Aliyekataliwa dirishani ndiye aliyeuonyesha mlango uliokuwa wazi.

Usikivu huohuo umekifikia hata chombo cha angani kilicho mbali kuliko vingine vyote vya binadamu. Voyager 1, kilichorushwa tarehe 5 Septemba 1977, kilianza Novemba 2023 kutuma data zisizosomeka kutoka umbali wa kilomita bilioni 24 hivi. Wakati huo agizo lilichukua takriban saa 22 na nusu kukifikia, na jibu muda kama huo kurudi. Mapema Machi 2024 wahandisi walikitumia agizo la uchunguzi. Kilichorudi hakikuwa na umbo walilolitarajia, lakini mhandisi mmoja hakukitupa. Alikichambua, akakuta ndani yake nakala ya kumbukumbu nzima ya kompyuta ya data. Wakailinganisha na nakala ya zamani, wakagundua asilimia 3 hivi imeharibika kwa sababu ya chipu moja. Hapakuwa na nafasi moja ya kutosha msimbo uliopotea, basi wakaukata vipande, wakavitawanya kwenye nafasi zilizosalia na kuviunganisha upya. Tarehe 18 Aprili wakatuma sehemu ya kwanza. Tarehe 20 chombo kikajibu kwa lugha inayoeleweka.

Visa hivi ndivyo vingepaswa kutangulia katika mafunzo ya vijana wanaoingia kazini, kabla hata ya kuchagua lugha ya kuandikia programu. Maswali ya kuanzia ni machache: umeona nini, ilianza lini, na kabla ya hapo kilibadilika kitu gani? Anayejibu "haiwezekani" amemrudisha mtu na shida yake, na kasoro imebaki ndani. Anayesema "hebu nionyeshe" ameshaanza kazi.