Kukata Hewa

Bamba la polisterini lenye urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na unene wa sentimita kumi halifiki hata uzito wa paketi mbili za unga likiwa ni la aina nyepesi. Mtoto wa darasa la nne atalibeba kichwani kutoka dukani bila kupumzika. Asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa, na kinachobaki ni kuta nyembamba za plastiki zinazoizuia hewa hiyo isitoke. Kwa hiyo mtu akiingia karakanani kwetu hapa Nakuru na kuona mashine ya CNC inayoongozwa na kompyuta, iliyozoea kuchonga milango ya mahogani, imewekewa bamba kama hilo, hudhani kazi ya siku hiyo ni nyepesi kama lilivyo bamba lenyewe.

Nami nilidhani hivyo. Kazi yangu ya kwanza ya polisterini ilikuwa herufi za harusi, kila moja kimo cha futi nne. Nilifunga biti, yaani kisu kinachozunguka, ileile iliyokuwa imechonga mahogani wiki mbili, kisha nikapunguza mwendo, maana haraka haraka haina baraka, na kitu laini niliamini kinataka upole. Herufi zilitoka na kingo za kuhuzunisha. Hapa chembe za polisterini zimeng'oka nzima na kuacha mashimo. Pale plastiki imeyeyuka ikaganda kama nta ya mshumaa. Nilijaribu kuzisawazisha kwa msasa, na msasa ukazing'oa chembe nyingine.

Sababu iko kwenye hesabu. Polisterini hulainika kwenye nyuzi joto 100 hivi za Selsiasi, karibu na joto la maji ya chai yanapochemka, na kwa kuwa hewa iliyofungiwa ndani haipitishi joto vizuri, moto wa biti hubaki palepale ulipozaliwa. Chukua biti yenye ukingo mmoja wa kukatia, inayozunguka mara 18,000 kwa dakika. Kichwa cha mashine kikisonga milimita 4,500 kwa dakika, kila mzunguko unang'ata robo milimita. Hiyo ni chenga kamili: inakatwa, inaruka, inaondoka na joto lake. Punguza mwendo hadi milimita 900, biti itang'ata milimita 0.05 tu. Hapo haikati tena, inasugua, na kila mchungaji aliyewahi kupekecha moto kwa vijiti anajua kusugua huzaa nini.

Tangu siku hiyo nimeliheshimu povu hili la plastiki kuliko mbao. Mbao ni ngumu, na ugumu wake humsaidia fundi: inasimama imara mbele ya biti, hata iliyoanza kuwa butu. Povu halina pa kujishikiza. Lisipokatwa mara moja, kwanza linabonyea, halafu linachanika pale lilipo dhaifu, kwenye maungio ya chembe. Kitu laini ndicho kinachodai makali kuliko vyote.

Ndiyo maana biti ya povu haigusi mbao kamwe. Inakaa kwenye kisanduku chake. Mkato wa kwanza unaacha milimita moja ya ziada, wa mwisho unaiondoa kwa pigo moja la kina chote, bila kusimama kwenye kona. Bamba linashikwa mezani kwa tepu ya pande mbili, kwani biti inayovuta chenga kwenda juu italinyanyua lote. Halafu kuna vumbi. Husemwa kwamba jina Nakuru lilitoka kwenye neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, lakini vumbi la polisterini ni jingine kabisa: umeme tuli hulinatisha kwenye nywele, ukutani, hata ndani ya kikombe. Barakoa na bomba la kufyonza si anasa.

Sponji la magodoro ni habari nyingine, na hapo nawavulia kofia mafundi wa sofa. Biti inayozunguka hulikamata sponji na kulirarua. Wao huweka alama kwa kalamu, wanalibana kwa mkono mmoja, na kisu kirefu kinakwenda na kurudi hadi mkato unashuka wima kama ukuta. Mashine zinazokata sponji vizuri zimefungwa kisu kinachopiga juu na chini kwa kasi, yaani zimeiga mkono ule.

Mafundi wa kwanza wa makali katika Bonde hili la Ufa, hata hivyo, hawakuwa na chuma. Volkano za bonde hilo hutoa mawe mawili yanayofanana kwa asili na kutofautiana kabisa kwa sura. Magma ikijaa gesi na kuumuka, hupatikana lile jiwe jepesi lenye vitundu tunalosugulia visigino, ambalo huelea majini. Hilo ni povu. Magma hiyohiyo ikitoka bila viputo na kupoa upesi, hupatikana obsidiani, kioo cheusi ambacho ukingo wake mpya huushinda wembe wa chuma. Ukitembea Olkaria na Hell's Gate utayakuta yote mawili. Moto mmoja ulileta povu na kisu cha kulikatia.

Waliokaa Kariandusi karibu miaka milioni moja iliyopita walilijua jiwe jeusi. Kwenye mashimo yaliyoanza kuchimbwa na mwanaakiolojia Louis Leakey mwishoni mwa miaka ya 1920 yamepatikana mashoka ya mkono, mengine ya lava, mengine ya obsidiani. Yamebanduliwa kipande baada ya kipande pande zote mbili, hadi ukingo ukanyooka. Aliyeyatengeneza alijua pigo hafifu huponda jiwe bila kulibandua. Ni kosa lilelile nililolifanya kwa herufi za harusi.

Ukisafiri kutoka Nairobi kuja Nakuru, ukishapita Gilgil, shuka Kariandusi. Chagua shoka moja jeusi, ulitazame ukingo wake bila haraka. Kisha rudi karakanani kwako, fungua kisanduku, na ubadilishe biti.