Malaika na Mjumbe katika Biblia ya Kiswahili

Katika sura ya 32 ya kitabu cha Mwanzo, Yakobo yu njiani kurejea kwao baada ya kukaa miaka 20 kwa mjomba wake Labani. Aya ya kwanza yatuambia kwamba malaika wa Mungu walikutana naye. Aya ya tatu yatuambia kwamba yeye naye akatuma wajumbe kwa nduguye Esau. Msomaji wa Kiswahili aonapo maneno hayo huwaza viumbe wa namna mbili zisizohusiana: wale ni wa mbinguni, hawa ni watumishi wa mtu mwenye kondoo na ngamia. Lakini katika Kiebrania neno ni moja tu, nalo ni lile lile katika aya zote mbili, malakhim, yaani waliotumwa. Msimulizi wa kale aliyaweka makundi hayo mawili ubavu kwa ubavu makusudi. Mungu anamtumia Yakobo watu wake. Yakobo, aliyejaa hofu, anawatuma wake. Nao wanarudi na habari ya kutisha kwamba Esau yuaja na watu 400. Ulinganifu huo ndio uhai wa simulizi, na katika tafsiri yetu umekufa bila kilio.

Si haki kuwalaumu wafasiri wa Kiswahili peke yao. Tafsiri ya kale ya Kiyunani, ile iitwayo ya Sabini, iliuhifadhi umoja wa neno kwa kutumia angelos mahali pote pawili. Aliyeligawa ni Jerome katika Kilatini, akaweka neno moja kwa wale wa Mungu na jingine kwa wale wa Yakobo. Biblia za Ulaya, ya Luther mathalan, zikafuata njia hiyo hiyo, na wamisionari walipofika Mombasa na Unguja walikuja na mgawanyo huo vichwani mwao. Tafsiri ya Muungano, iliyotolewa kamili mwaka 1952, iliurithi, nasi tunaisoma hivyo hadi leo.

Hata hivyo wafasiri hao walilikuta pwani neno lililokwisha kukomaa. Malaika ni neno la Kiarabu, na huko kwao ni la wingi. Kiswahili kililipokea likiwa limefumbatwa hivyo hivyo, kikasema malaika mmoja na malaika wengi. Lilikuja pamoja na Jibrili na Izraili, pamoja na nuru na mabawa. Wako wanaodai kwamba kwa sababu hiyo neno hili ni la Kiislamu na halikuifaa Biblia. Dai hilo halina nguvu, kwani mzizi wa neno la Kiarabu na ule wa Kiebrania ni jamaa moja, na maana yake ya asili ni kutuma. Tatizo liko kwingine. Katika matumizi ya kila siku Mswahili amesahau kwamba malaika hutumwa. Mtoto mchanga huitwa malaika kwa kuwa hana dhambi. Katika wimbo mashuhuri wa jina hilo, ambao Fadhili William aliurekodi na Miriam Makeba akauimba duniani kote, malaika ni mpenzi asiyeweza kuolewa kwa uhaba wa mali. Hana ujumbe wowote aliouleta. Neno limehama kutoka kwenye kazi likahamia kwenye tabia na sura. Augustino aliwaonya Wakristo wa Afrika ya Kaskazini juu ya jambo hili hili: malaika, alifundisha, ni jina la kazi, ukitaka jina la umbile lake, sema roho.

Hasara ya kusahau huko yaonekana wazi zaidi katika Matendo ya Mitume. Katika sura ya 10 malaika anamtokea Kornelio, akida wa Kirumi aliyekaa Kaisaria. Ukimwaza malaika kuwa kiumbe cha fahari, watazamia amhubirie injili hapo hapo, maana nani angehubiri vyema kumshinda? Naye hafanyi hivyo. Anachompa ni maelekezo ya nyumba: tuma watu Yafa, wamwite Simoni Petro, amepanga kwa Simoni mwingine, mtengenezaji wa ngozi, ambaye nyumba yake iko pwani. Kisha anaondoka. Mtumwa wa Mungu amemfanya Kornelio naye awe mtumaji, na injili yenyewe inangoja kinywa cha mvuvi.

Sura ya 8 yaenda mbali zaidi. Malaika anamwambia Filipo ashike njia ya kwenda Gaza, bila kumweleza atamkuta nani. Filipo anapoliona gari la mtu wa Kushi, towashi wa malkia Kandake, anayemsogeza karibu si malaika tena bali ni Roho. Na mtu yule wa Kushi, Mwafrika wa nchi ya Naili ya juu aliyekuwa akisoma kitabu cha Isaya kwa sauti, anapoulizwa kama anaelewa asomayo, anataka mtu wa kumwongoza. Tuliangalie kitenzi hicho, ongoza. Uongozi ulianza kwa malaika, ukapita kwa Roho, ukaishia kwa mfasiri wa maandiko aliyeketi garini kando ya msomaji. Sisi tunaofanya kazi ya kufasiri na kufundisha fasihi hatuna budi kuisoma sura hiyo kwa makini, ingawa nakiri kwamba wanatheolojia huenda wakaona nimeivutia kwangu.

Je, basi, tuandike mjumbe kila mahali? Siungi mkono. Methali isemayo mjumbe hauawi ingefaa sana, lakini neno lenyewe limekwisha kushikwa na siasa. Kwa Mkenya mjumbe ni yule anayepelekwa bungeni. Kwa Mtanzania yuko mjumbe wa nyumba kumi. Wote wawili hutumwa na walio chini kwenda juu, ilhali huyu wa Biblia hushuka. Mtume nalo limejaa: Wakristo wamewapa wale kumi na wawili, na Waislamu wamempa Muhammad.

Kinachowezekana ni tanbihi. Iwekwe chini ya Mwanzo 32, na tena katika Hagai 1:13, ambapo nabii mwenyewe aitwa kwa neno lile lile la Kiebrania na Biblia yetu ikaandika mjumbe. Iwekwe hasa katika Ufunuo, sura ya 2 na ya 3, penye barua saba kwa malaika wa makanisa ya Asia. Wataalamu hawajapatana kama hao ni roho walinzi au ni wanadamu, wasimamizi wa makanisa au wachukuzi wa barua. Myunani aliweza kuyasoma yote mawili. Msomaji wetu amefungiwa mlango mmoja, na hajui kwamba upo.