Msomaji wa Nyasi

Wageni wanaokuja kucheza gofu Pwani ya Kenya huondoka na masimulizi yanayofanana. Bahari inavyoonekana kutoka juu ya mgongo wa Vipingo, mibuyu iliyoachwa isimame uwanjani, tumbili aliyenyakua mpira ukiwa bado unaviringika, jua la saa sita. Waliopitia Kisumu huongeza ile kanuni ya klabu ya Nyanza inayosimuliwa duniani kote, kwamba mpira ukitua karibu mno na kiboko au mamba una ruhusa ya kuuacha palepale na kudondosha mwingine. Masimulizi hayo nayapenda. Ila mtu aliyekuwa nao bega kwa bega tangu shimo la kwanza hadi la 18, aliyeziokoa alama zao mara kadhaa bila wao kujua, huwa hatajwi. Huyo ni kedi.

Kazi yake kwa mbali huonekana ni kubeba begi. Kubeba anabeba kweli, fimbo 14 kama kanuni inavyoruhusu, na maji, na mwavuli, kwa mwendo wa kilomita nane au zaidi. Anasawazisha mchanga wa bunka, anaziba vidonda vya nyasi, anakariri mahali mpira ulipopotelea kwa kuulinganisha na shina la mti. Hayo yanafundishika ndani ya wiki chache. Ninachokistaajabia mimi ni kile ambacho hakifundishiki kwa wiki wala kwa mwezi.

Tazama anavyompokea mgeni. Swali lake la kwanza baada ya salamu huwa, "Umetoka wapi, bosi?" Mgeni hudhani anakaribishwa tu. Anakaribishwa, naam, na papo hapo anapimwa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira husafiri mbali zaidi huko kwa asilimia 6 hivi, wengine husema hata 10. Mtu aliyezoea kufika yadi 150 kwa fimbo namba 7 kule Karen au Muthaiga, akiipiga fimbo ileile huku Pwani, Nyali, mpira utaanguka yadi 10 kabla, na mara nyingi mabunka yamechimbwa hapohapo. Kedi anayeijua kazi yake hatoi mhadhara. Anachomoa namba 6, inayofika mbali zaidi, na kuishika mkononi, mpini umeelekea kwa mchezaji, kabla hajaulizwa.

Mgeni aliyetoka Uingereza mwezi wa Januari anahitaji marekebisho ya upande wa pili. Kwao hewa ilikuwa ya baridi na nzito. Hapa ni ya joto, na mpira unapaa kuliko anavyoutarajia. Swali moja la kedi, majibu mawili, na fimbo mbili tofauti kwa umbali uleule. Wachezaji wengi huulaumu unyevu wa Pwani kwamba ndio unaouzuia mpira, ilhali hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu; kinachowapunguzia yadi watu wa Nairobi ni kuteremka hadi usawa wa bahari. Sijapata kumsikia kedi akibishana na mtu juu ya hilo. Anampa fimbo sahihi, basi.

Halafu upepo. Kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, kusi inashika kuanzia Aprili na kuendelea hadi Septemba, na katikati yake kuna tangambili, siku za upepo usio na msimamo. Kwa mwenyeji wa Pwani hiyo ni elimu ya jahazi na ngalawa. Kwa kedi ni elimu ya shimo kwa shimo. Shimo lililokuwa rahisi Februari, upepo ukiusukuma mpira kutoka nyuma, Julai huwa ni vita. Mgeni anayerudi baada ya miezi mitano akiwa na daftari lake la namba hukuta zile namba hazimsaidii.

Hata ndani ya siku moja, upepo unahitaji jicho la kuuona. Sehemu ya kuanzia imezungukwa na miti, hakuna jani linalotikisika, na mgeni anaamini kumetulia. Bendera kule shimoni nayo imelala. Kedi hatazami jani wala bendera. Anatazama vilele vya minazi nyuma ya grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, kwa kuwa mpira utapita kwenye kimo hicho, na kule juu makuti yanapepea kama kawaida. Akikosa mnazi atatafuta kijiwimbi kwenye bwawa au moshi wa shamba la jirani. Mbuyu haumsaidii sana wakati wa kiangazi, umekwisha kupukutisha majani. Yote haya huchukua muda wa pumzi tatu au nne, begi likiwa begani, naye huku akimjibu mgeni anayeuliza habari za Fort Jesus.

Ila sehemu ya kazi hii ambayo ningeweza kuitazama mchana kutwa iko kwenye grini.

Viwanja vingi vya nchi za joto hupandwa nyasi za jamii ya bermuda, ambazo licha ya jina hilo asili yake kubwa ni Afrika. Aina bora za grini zilipatikana kwa kuchanganya nyasi yetu ya kawaida na jamaa yake wa Afrika Kusini, kazi aliyoifanya mtaalamu Glenn Burton huko Tifton, Georgia. Aina iitwayo Tifgreen ilitolewa mwaka 1956. Nyasi hizi hustahimili jua na hukatwa zikabaki milimita chache tu kutoka ardhini. Lakini zina tabia ambayo nyasi za grini za Ulaya hazinayo kwa kiasi hicho: hutambaa. Kila unyasi una upande uliolalia, na mpira unaoviringika juu yake huuhisi ulalo huo. Papasa samaki kutoka kichwani kwenda mkiani, kisha urudishe mkono kutoka mkiani kwenda kichwani, nawe utaelewa kinachoupata mpira.

Basi mgeni kutoka Ulaya anachuchumaa nyuma ya mpira wake, anaona mteremko wa kwenda kushoto, anapiga kulia kidogo kama alivyofundishwa tangu utotoni, na mpira unakwenda moja kwa moja bila kupinda hata kidogo. Anasimama akiiangalia fimbo yake. Mteremko aliuona sawasawa. Asichokiona ni nyasi zilizolalia juu, kinyume cha mteremko, zikaushikilia mpira.

Nimemtazama kedi mmoja wa makamo, mtu mwembamba wa kofia iliyofifia rangi, akilisoma jambo hilo. Haanzii kwenye mpira. Anaanza hatua thelathini kabla hajafika kwenye grini, kwa sababu mteremko mkubwa wa ardhi huonekana kwa mbali na hupotea ukishaukaribia. Akifika anautazama uso wa nyasi kutoka upande mmoja, kisha upande wa pili. Panapong'aa, nyasi zimelala kumpa mgongo, mpira utakimbia. Panapoonekana kijani kizito, zimeelekea kwake, mpira utakwama. Baadaye anakwenda shimoni na kuinama. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na ukingo wake haufanani pande zote: upande mmoja umekatika safi, upande mwingine umechakaa na kugeuka kahawia. Upande uliochakaa ndiko nyasi zinakoelekea. Ni alama ndogo sana, nami nilihitaji kuonyeshwa kwa kidole.

Kisha huangalia saa, yaani huangalia jua. Nyasi za joto hukua mchana kutwa, na grini iliyokatwa alfajiri huwa nzito ikifika alasiri. Mpira uliohitaji kuguswa tu saa mbili asubuhi unahitaji kusukumwa saa tisa. Mteremko, ulalo, saa, unyevu wa maji yaliyomwagiliwa: anavijumlisha vyote, na kinachotoka kinywani mwake ni maneno machache. "Nje ya shimo, kulia, mpira mmoja. Usiogope kuugonga."

Uchache huo wa maneno ni sehemu ya ufundi, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote. Kedi anajua mambo kumi kuhusu mpira ule. Mchezaji anaweza kubeba mawili. Kwa mama mmoja aliyekuwa akitetemeka mikono mbele ya bwawa, nilimsikia akisema, "Mama, uko mnazi ule wa kushoto. Upelekee mpira." Bwawa hakulitaja hata kidogo. Kwa kijana aliyekuwa akijigamba, maji aliyataja, tena kwa yadi zake. Bado sijakutana na mwalimu wa darasani anayewasoma wanafunzi wake upesi hivyo.

Tangu Januari 2019 kanuni za kimataifa zinamkataza kedi kusimama nyuma ya mchezaji, kwenye mstari wa mpira, mchezaji anapoanza kujipanga. Zamani baadhi ya makedi waliwapanga wachezaji wao kama mtu anavyonyoosha picha ukutani. Sasa msaada wa kutoka nyuma ya mpira lazima uwe umekwisha kutolewa na kuaminiwa kabla mchezaji hajaanza kupanga miguu. Kwa makedi hodari naona kanuni hiyo haikupunguza kitu. Iliuanika ufundi wao, maana sasa wana neno tu, nalo lazima litoshe.

Uwanja wa Baobab wa Vipingo Ridge, uliobuniwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, mshindi wa Kenya Open wa mwaka 1989, umeonyesha wazi kwamba mahali kama hapa hujifunzwa polepole. Desemba 2019 wanawake wa mzunguko wa mashindano ya Ulaya walicheza hapo kwa mara ya kwanza. Esther Henseleit wa Ujerumani alimaliza kwa duru ya mikwaju 64 na kumpita Aditi Ashok wa India kwa mkwaju mmoja. Aliporudi mwaka 2022 alishinda tena. Ashok naye alirudi mwaka 2023, akashinda kwa tofauti ya mikwaju 9. Hao ni wachezaji wa kulipwa, wenye siku za mazoezi na nafasi ya kurudi. Mgeni wa kawaida ana asubuhi moja, kesho yake ana ndege. Kile ambacho angehitaji misimu kadhaa ya kaskazi na kusi kukipata, anapewa ndani ya saa nne na mtu anayetembea kando yake.

Na elimu hiyo hupatikana kwa kungoja. Kedi hufika klabuni alfajiri na kukaa bandani hadi jina lake liitwe. Akikosa mchezaji siku hiyo, mara nyingi amekosa na riziki. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia kwenye banda kama hilo. Katika saa za kungoja ndipo wazee huwauliza vijana: jana bendera ya tatu ilikuwa wapi, mpira wa yule Mjerumani ulipinda wapi, kwa nini. Kijana huanza kwa kutumwa mbele kusimama na kuangalia mipira inapoangukia. Baadaye hupewa begi la mchezaji mpole. Kusoma grini kwa sauti, mbele ya mgeni, huja mwisho kabisa, na akikosea wenzake watamwambia jioni bila kumficha.

Ningependa klabu zetu zilipe elimu hiyo kama elimu, kwa ujira unaopanda kwa miaka na ujuzi, badala ya kumwachia mgeni aamue kwa bakshishi mwisho wa duru. Nawe ukienda Nyali, Diani, Vipingo au kwenye yale mashimo tisa ya Mombasa yanayotazama mlango wa Kilindini, muulize kedi wako jina kabla hamjaanza, na kwenye shimo la kwanza mwache asome yeye.