Ushahidi wa Daktari wa Belsen

Miongoni mwa maandishi yaliyotoka katika kambi ya mateso ya Bergen-Belsen, Ujerumani, kumbukumbu za Luteni Kanali Mervin Willett Gonin, mkuu wa kikosi cha matabibu wa jeshi la Uingereza, husimuliwa mara nyingi. Lakini wengi wazisimuliao huchukua tukio moja tu: shehena ya rangi ya mdomo iliyofika bila kujulikana aliyeiagiza, na wanawake wagonjwa waliolala bila nguo, midomo yao ikiwa myekundu.

Kisa hicho kikisomwa peke yake huwa kitamu mno. Yafaa tukirudishe mahali pake. Waingereza waliingia Belsen tarehe 15 Aprili 1945, wakakuta watu wapatao 60,000 na maelfu ya maiti zisizozikwa. Tifasi, homa ienezwayo na chawa, ilikuwa imetapakaa. Chakula cha askari, chenye mafuta mengi, kiliwaua baadhi ya wenye njaa. Uji wa maziwa na sukari, uliowahi kutumika katika njaa ya Bengal mwaka 1943, uliwashinda wengi kwa utamu wake. Hata sindano iliwatisha, maana katika kambi za Wanazi ilikuwa chombo cha kuulia. Baada ya kukombolewa walikufa wengine 13,000 hivi.

Mbele ya vifo hivyo Gonin anakiri, bila kujisifu, kwamba iliwabidi wazoee mapema wazo gumu: mtu mmoja hakuhesabika tena. Hilo ndilo linaloipa rangi ya mdomo maana yake. Aliyekuwa namba iliyochanjwa mkononi anarudi kuwa mtu, mwenye kujali sura yake. Tukiiondoa sehemu ya kwanza, ya pili hubaki pambo tu.

Hata hivyo, ushahidi huu una upungufu. Wagonjwa wanaonekana, wala hawasemi. Hadassah Bimko, daktari wa meno aliyekuwa mwenyewe mfungwa, aliongoza madaktari na wauguzi wa kambini katika kazi ileile, na baadaye akaandika kumbukumbu zake. Walimu wenzetu watakaofundisha kisa cha Gonin hawana budi kuwapa wanafunzi pande zote mbili, kisha wawaulize: neno "kukombolewa" lilianza kuwa kweli siku gani, na kwa nani?